Maswali ya Wasomaji: Tunasali Pamoja Kila Wiki, Mbona Hatupatani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wanajumuiya, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: umoja tunaouimba Jumapili unaponyokaje katikati ya wiki? Waandishi wengi ni Wakatoliki, kwa hiyo majibu yanafuata taratibu za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani vinavyosali pamoja kila wiki, ambazo maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya kazi ya kwanza ya kichungaji katika nchi zetu. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wenye ibada za nyumba kwa nyumba watayakuta mengi yanawahusu pia.

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu hutoa msaada kila mwezi kwa wajane na wagonjwa: unga, sukari na sabuni. Wapangaji wananung'unika kwamba wanaopewa ni wenye nyumba na jamaa za viongozi. Mwenyekiti anasema hayo ni majungu na ameagiza tumtafute aliyeyaanzisha. Tufanyeje? — Katibu wa jumuiya, Mwanza

Milele na milele, amina. Ndugu katibu, la kwanza ni kuacha kumtafuta huyo aliyeanzisha. Kaeni viongozi peke yenu, msome Matendo ya Mitume 6:1-6 polepole, kwa sababu shauri lenu limeandikwa pale karibu neno kwa neno.

Sura ya 4 inasema waamini wa Yerusalemu walikuwa na moyo mmoja na roho moja. Sura mbili tu mbele, manung'uniko yamezuka: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na wa Waebrania wanapata. Mitume hawakuuliza nani amesema, wala hawakutoa mahubiri juu ya ubaya wa kunung'unika. Waliita mkutano wa wote, wakasema wazi kwamba kazi ya mgawo na kazi ya Neno haziwezi kubebwa na watu walewale, wakawaachia watu wenyewe wachague saba wenye sifa njema. Sasa yatazameni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani, na huyo wa mwisho alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kweli, jina peke yake si ushahidi kamili, maana hata mtume Filipo alikuwa Mwebrania mwenye jina la Kiyunani. Lakini saba kwa saba haiwi bahati nasibu. Inaelekea jumuiya iliukabidhi mgawo kwa watu wa upande uliolalamika.

Kwenu ifanyike vivyo hivyo. Undeni kamati ya huruma ya watu watano, wachaguliwe na mkutano, wasiteuliwe na mwenyekiti. Wawili au watatu wawe wapangaji. Asiwepo hata mmoja anayeishi nyumba moja na mwenyekiti, katibu au mhazini. Kisha andikeni vigezo kabla ya kuandika majina: mjane asiye na mtoto wa kumtunza, mgonjwa asiyetoka kitandani, anayelea yatima bila kipato, familia iliyofiwa na mtafutaji. Kila jina likaguliwe na wajumbe wawili waliofika nyumbani kwake.

Mara nyingi hakuna mwizi wala mwenye roho mbaya katika mambo haya. Orodha iliandikwa Januari, ikanakiliwa Februari, ikanakiliwa Machi. Mpangaji aliyehamia Aprili hayumo, na aliyehama bado yumo. Mwenye nyumba hahami, basi jina lake linadumu. Kwa hiyo orodha ianze upya, ukurasa mtupu, kila baada ya miezi 3.

Kiasi kiwe sawa kwa kila kaya, kwa mfano unga kilo 5, sukari kilo 1 na mche mmoja wa sabuni; mkiruhusu kukadiria mezani, upendeleo utaingia bila mtu kuujua. Katika taarifa ya mwezi katibu asome idadi, asisome majina: "Kaya 9, unga kilo 45, sukari kilo 9, sabuni miche 9." Daftari lenye majina abaki nalo mwenyekiti wa kamati, na paroko au katekista alione akitaka. Anayesaidiwa ana heshima yake, na mitaa yetu ina masikio.

Mkutano wetu wa Jumamosi huchukua saa mbili. Neno la Mungu dakika kumi, michango saa nzima. Watu wameanza kuja mwishoni, wengine hawaji kabisa. — Mwanajumuiya, Dar es Salaam

Wanaochelewa wamewaambia ukweli kwa miguu yao. Geuzeni mpangilio: Neno lipewe saa nzima, matangazo na michango dakika 20 za mwisho, na mkutano ufungwe hata kama jambo halijaisha.

Kwa Neno, tumieni hatua saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwa somo la Injili ya Dominika inayofuata, saa moja inatosha hivi. Hatua ya kwanza, mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala, dakika 3. Ya pili, Injili inasomwa kwa sauti, dakika 5. Ya tatu, kila anayetaka hutamka neno au fungu fupi lililomgusa, mara tatu kwa kutulia, bila kueleza chochote. Hapo dakika 7. Ya nne ni kimya cha dakika 3. Ya tano ni kushirikishana, dakika 17. Ya sita, kuangalia kazi ambayo jumuiya inaitiwa wiki hiyo, dakika 15. Ya saba, sala za hiari na Baba Yetu, dakika 10.

Panapoharibika panajulikana. Hatua ya tatu huharibiwa na anayeanza kufafanua. Kimya cha hatua ya nne hukatwa na mtu anayeona aibu watu wakinyamaza, akaanzisha wimbo. Mwongozaji ashike saa na asikubali. Hatua ya tano hugeuka mahubiri ya mtu mmoja, mara nyingi yule aliyesoma seminari au aliyewahi kuwa katekista. Dawa yake ni kanuni mbili: kila mtu aanze na neno "mimi", na hakuna anayesema mara ya pili kabla ya wengine kupata nafasi. Anayemjibu au kumsahihisha mwenzake akumbushwe kwa upole kwamba hapa hatujadiliani.

Hatua ya sita ndiyo hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayofunga watu pamoja. Iulizwe kwa majina na siku: nani anakwenda kwa mama aliyejifungua, lini, akiwa na nani? Katibu aandike. Wiki inayofuata, kabla ya kitu kingine, asome kilichoandikwa, wahusika waseme kama kilifanyika. Jumuiya inayofanya jambo moja dogo kila wiki kwa mikono yake haipati shida kukusanya michango, kwa sababu watu wanajua pesa inakwenda wapi.

Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba. Zamani tulikunywa chai ya rangi tukaondoka. Sasa ni pilau na soda. Mimi napanga chumba kimoja na zamu yangu inakaribia. Naona aibu, nafikiri kuacha. — Mama mjane, Morogoro

Mama, usiache. Na barua hii tunaomba isomwe na viongozi wa kila jumuiya, kwa sababu wanaoondoka kwa aibu ya chakula hawaagi. Wanasema wanaumwa, wana safari, wamepata kibarua cha Jumamosi.

Mtume Paulo alikumbana na jambo hili Korintho. Waamini walikutana majumbani, na nyumba ya kutosha watu wote ilikuwa ya mwenye nacho. Wenye nafasi walitangulia wakala, watumwa na vibarua wakafika jioni wakakuta vyombo vitupu. Paulo hakuliita hilo kukosa adabu ya mezani. Alisema wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu, na amri aliyotoa ilikuwa ya kutendeka: "mkutanikapo mpate kula, mngojaneni" (1 Wakorintho 11:33).

Mkutano wa jumuiya upitishe kanuni na kuiandika: mwenye zamu anatoa mahali na maji ya kunywa, basi. Ikiwa jumuiya inapenda chai, itoke mfuko wa jumuiya, sawa kwa kila nyumba, na iandaliwe na wawili wa zamu, si mwenye nyumba. Anayetaka kuwalisha watu pilau afanye hivyo sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, ambapo wote wanachangia na wote wanapika. Kanuni hii ianze nyumbani kwa mwenyekiti, tena wiki ileile. Ikianzia kwa mjane, itaonekana imetungwa kwa ajili yake.

Kuhusu chumba kimoja: mikeka miwili uani inatosha, au chini ya mwembe wa jirani. Toa taarifa kwa mwenye nyumba wako siku mbili kabla. Akiwa Mwislamu au wa dhehebu jingine, mwenyekiti mwenyewe aende kuomba ruhusa, na muda usogezwe usigongane na swala. Viti visiazimwe na mwenye zamu. Wanaoishi jirani waje na vyao.

Akina mama wawili, nguzo za jumuiya yetu, hawasemeshani tangu mwaka jana kwa sababu ya deni la kikoba. Kila mmoja ana kundi lake. Tulilileta kwenye mkutano, likawaka zaidi. — Mwenyekiti, Moshi

Lilikuwa lazima liwake. Mliwapa jukwaa, na mtu aliye jukwaani hawezi kurudi nyuma mbele ya watu wake. Mathayo 18:15-17 ina ngazi, na ninyi mmeanza na ya juu. Ngazi ya kwanza ni wawili peke yao. Ya pili ni wawili pamoja na shahidi mmoja au wawili. Kanisa linakuja baadaye.

Rudini chini. Kila mama ataje mtu mmoja anayemwamini, msimchagulie. Wakutane watu wanne nyumbani kwa mtu wa tatu, si kwa mmoja wa wagomvi na si kanisani, saa ambayo hakuna anayeharakisha kwenda kupika. Simu zizimwe. Kila mmoja aseme dakika 10 bila kukatizwa, kisha mwenzake arudie alichosikia mpaka msemaji akiri kwamba ndicho alichomaanisha. Hili la kurudia linachosha, na ndilo linalofanya kazi: watu wengi hugombania maneno ambayo hayakusemwa.

Tenganisheni pesa na matusi. Deni ni hesabu. Daftari la kikoba liletwe, kiasi kikubaliwe, tarehe za kulipa ziandikwe, wote wanne watie sahihi. Likiwa shilingi 180,000, elfu 30 kwa mwezi kwa miezi 6 inalipika. Ahadi ya "nitalipa Mungu akijalia" itarudisha ugomvi kabla ya Pasaka. Matusi huondolewa kwa kuombana radhi, nayo yatajwe kwa jina lake: "Nilikuita mwizi mbele ya watoto wako, naomba unisamehe." Radhi ya "kama nilikukosea" haijamgusa mtu. Msiandike muhtasari wa maneno hayo.

Halafu yale makundi. Wiki inayofuata wapeni wale mama wawili kazi moja ya pamoja yenye mwisho wake, kwa mfano kwenda hospitali kumwona mgonjwa mmoja. Makundi huvunjika yakiona viongozi wake wanashuka daladala moja. Paulo aliwataja Euodia na Sintike kwa majina katika Wafilipi 4:2-3, akaomba mtu mmoja awasaidie kupatana, na papo hapo akakumbusha kwamba wote wawili walishindana pamoja naye katika kazi ya Injili. Nanyi muwakumbushe waliyoyajenga pamoja.

Jambo moja halina mjadala. Ugomvi wenye kipigo, ubakaji, au mtoto kudhuriwa hausuluhishwi na jumuiya hata siku moja. Unapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto, simu ya bure 116 hupokea taarifa nchini Tanzania. Kuyafunika mambo hayo kwa jina la umoja ni kumtoa sadaka mnyonge.

Baba yangu alibatizwa na kufunga ndoa kanisani, lakini miaka ya mwisho hakuhudhuria jumuiya wala kutoa michango. Alipofariki, viongozi walisema hawatamzika na padre hatakuja. Je, wana mamlaka hayo? — Mtoto wa marehemu, Iringa

Pole sana kwa msiba. Jibu ni hapana, hawana.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1176, zinasema waamini marehemu wanapaswa kupewa maziko ya Kanisa kadiri ya sheria. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa, kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana hivyo hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao ya Kanisa yangeleta kashfa kwa waamini. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu wa mahali, na hukumu yake ifuatwe. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kutolipa mchango hakumo. Ni kweli kanuni ya 222 inawapa waamini wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, lakini haikuufanya huo uwe kodi ya kaburi.

Jumuiya inayo kazi yake: inamtambulisha marehemu. Padre mwenye vigango kumi hawezi kumjua kila mtu, kwa hiyo huuliza, "Ni wa jumuiya gani?" Swali hilo la utambulisho ndilo baadhi ya viongozi wamelifanya fimbo. Likitokea tena, familia isibishane na mwenyekiti pale msibani. Watu wawili wachukue cheti cha ubatizo, au wajue tu mwaka na parokia alikobatizwa ili kitabu cha ubatizo kiangaliwe, waende moja kwa moja kwa paroko siku hiyohiyo. Wamweleze hali ya marehemu bila kuipamba: alikuwa anaumwa lini, alipakwa mafuta ya wagonjwa au la, aliomba padre au la. Paroko ndiye anayeamua.

Kwa viongozi tuna neno. Mkimnyima mtu maziko ili kuwatisha walio hai, mtapata mahudhurio na mtapoteza imani yao. Tena mmechelewa, kazi ilikuwa kabla hajafa. Katibu anayeweka daftari la mahudhurio alitumie hivi: mtu akikosa mara tatu mfululizo, ndani ya wiki hiyo wawili wamtembelee, na mmoja wao awe rika lake. Waende bila daftari la michango. Hilo la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu mtu aliyekwisha kuona daftari mkononi mwenu hatawaambia kinachomsumbua. Mtakuta ugonjwa, kazi ya ulinzi wa usiku, ndoa yenye matatizo, au neno alilotupiwa na mtu na halijaombewa radhi.

Sisi tuko Nakuru. Kila uchaguzi ukikaribia, watu wa jumuiya huanza kukaa kwa makundi ya lugha, na wengine huacha kuja kwa nyumba za wengine. Tunaogopa yasirudi yale machafuko ya uchaguzi wa 2007. — Kiongozi wa jumuiya

Hofu yenu ina msingi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, wengi wa waliofukuzana Bonde la Ufa walikuwa wamebatizwa, na wapo waliokuwa wakipeana mkono wa amani Jumapili. Sala ya pamoja pekee haikuwazuia. Kwa hiyo yawekwe mapatano mapema, angalau miezi sita kabla ya kura, wakati bado mnaweza kuongea bila jasho.

Katika mkutano isemwe lugha moja tu ya wote, kuanzia salamu mpaka mazungumzo ya mlangoni. Kiongozi anayegombea kiti au anayekuwa wakala wa mgombea aondoke uongozini mpaka matokeo yatangazwe. Mfuko wa jumuiya usipokee chochote kutoka kwa mgombea, hata viti vya plastiki. Mna mfano wa karibu: Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha zilizotolewa na wanasiasa katika kanisa la Soweto jijini humo. Ikiwa jimbo kuu limeweza kurudisha mamilioni, jumuiya inaweza kukataa viti.

La muhimu kuliko hayo ni uvumi. Andikeni orodha ya simu ya familia zote, na kila familia ipangiwe nyingine mbili za kabila tofauti ambazo itazipigia simu kila jioni katika wiki ya kura na ya matokeo. Mtu akipokea habari kwamba nyumba fulani imechomwa, asiitume kokote kabla hajaongea na anayeishi mtaa huo. Amueni sasa ni nyumba gani itapokea watoto na wazee pakiharibika, nani ana gari, na namba ya chifu na ya paroko.

Kwa mafundisho, vitabu vya Kampeni ya Kwaresima vya tume ya haki na amani ya maaskofu wa Kenya vinawafaa, maana vinafuata njia ya kuona, kuamua na kutenda. Kosa la kawaida ni jumuiya kubaki kwenye kuona, wiki tano za kulalamikia serikali, kisha Pasaka. Kila wiki ifikeni "kutenda", hata kama ni ziara moja kwa familia iliyoacha kuja.

Grupu letu la WhatsApp limekuwa uwanja wa vita. Tulifunge? — Mweka hazina, Dodoma

Msilifunge, lifanyeni la matangazo: wasimamizi wawili au watatu tu waweze kuandika, wengine wasome. Liwe la msiba, ugonjwa, ratiba na masomo ya Dominika. Majina ya wasiochanga yasiandikwe humo kamwe; kila mmoja aandikiwe peke yake. Mkitaja na viwango, mwenye elfu 2 hatatoa tena. Na wahesabuni wasio na simu janja. Kila mmoja wao awe na jirani mwenye jukumu la kumpelekea habari kwa miguu siku hiyohiyo, kwa maana bibi anayesikia msiba baada ya maziko ataona ametengwa, na atakuwa sahihi.

Kwa kuwa wewe ni mweka hazina: michango ya msiba isiingie kwenye namba yako binafsi. Hata ukiwa mwaminifu, siku simu ikipotea huna pa kusimama. Tumieni huduma za vikundi za pesa kwa simu kama M-Koba, ambazo pesa haitoki mpaka viongozi wengine waidhinishe, au akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu.

Jirani zetu wa KKKT, Walutheri, wana jumuiya yao mtaani kwetu. Tunaweza kufanya nini pamoja bila kuvunja taratibu? — Kijana, Arusha

Mengi. Ubatizo wao wa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu unatambuliwa na Kanisa Katoliki, kwa hiyo ni ndugu kweli. Ekaristi hatushiriki pamoja katika hali ya kawaida, na jambo hilo lisemwe wazi mapema ili pasiwe na fedheha mbele ya altare. Mnaweza kusali pamoja katika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari. Mnaweza kuwa na kamati moja ya msiba ya mtaa, turubai moja na sufuria za pamoja. Huduma za wagonjwa na elimu ni uwanja mkubwa zaidi: Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) kwa pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT). Anzeni na kumwona mgonjwa mmoja wa kila upande. Kila kiongozi amweleze paroko wake au mchungaji wake kabla, si baada.

Tumefika familia 46 na paroko ametaka tugawanyike. Watu wanalia, wengine wanasema ni njama. Tugawe vipi tusiachane vibaya? — Katibu, Kahama

Paroko ana sababu. Familia 46 zikileta watu wawiliwawili ni watu 92. Hapo wanasema walewale saba, na mtu akikosa mwezi mzima haonekani kama hayupo. Jumuiya inafanya kazi vizuri ikiwa na familia 15 hadi 25, idadi ambayo kila mtu anajua jina la mtoto wa mwenzake.

Gaweni kwa barabara au mfereji, kitu kinachoonekana kwa macho. Choreni mtaa kwenye karatasi kubwa, kila nyumba nukta, kisha pigeni mstari mmoja na mtu asiruhusiwe kuvuka kwa sababu ya urafiki. Mkiruhusu familia tatu tu zichague, kufikia Pentekoste mtakuwa na jumuiya ya wenye magari na jumuiya ya wenye baiskeli. Msigawanyike mkiwa na ugomvi ambao haujasuluhishwa, kwa sababu utapata makao na jina la mtakatifu. Kama upo, ombeni paroko awape miezi 3.

Kabla ya kutengana, mhazini asome hesabu yote mbele ya wote na watu wawili wasio viongozi wakague. Mfuko ugawiwe kwa idadi ya familia: ukiwa na shilingi 690,000, kila familia ni 15,000, basi familia 20 zinazoondoka zinachukua 300,000 na 26 zinazobaki zinakaa na 390,000. Mikopo ambayo haijarudi iandikwe kwa jina na ifuate mkopaji upande aliokwenda. Wagonjwa na wajane wapitiwe mmoja mmoja: nani anawachukua, kuanzia tarehe gani, hapa ndipo mtu hupotea katikati, kila upande ukidhani mwenzake anamwona.

Vyombo ndivyo vinavyogombanisha kuliko pesa. Viti vigawiwe kwa uwiano uleule. Turubai na sufuria kubwa msivikate wala kuviuza: vibaki mali ya jumuiya zote mbili, vitunzwe mwaka mmoja mmoja kwa zamu, na daftari la kuazima lionyeshe nani amechukua, lini, na virudi vikiwa vimeoshwa. Jumuiya mpya ichague somo wake yenyewe na viongozi wake ndani ya mwezi wa kwanza. Kwa miezi 6 mkutane pamoja mara moja kila mwezi, kwa kupokezana upande huu na ule wa mstari, na msiba wa upande mmoja uchangiwe na wote wawili mpaka jumuiya mpya iwe na mfuko unaoweza kubeba jeneza na usafiri bila kukopa.